Alama katika jina la N'simire

Tangu saa mbili asubuhi kompyuta tatu za zahanati moja ya Gasenyi zilikuwa zikitoa jibu lile lile: "Hifadhidata imefungwa." Hayat, aliyeiandika programu yao ya kusajili chanjo, alizizima na kuziwasha mara nne. Kila mara zilifanya kazi dakika chache kisha zikagoma tena, na akina mama wakazidi kujaa kwenye benchi.

"Labda ni wewe unabonyeza ovyo," alimwambia Léocadie, muuguzi.

"Mi? Apana, dada. Nabonyeza vile ulinifundisha. Inakufa tu nikiandika huyu mutoto."

Akamwonyesha mama mmoja wa Bukavu aliyempakata binti yake, N'simire.

"Basi andika bila hiyo alama baada ya N!" Hayat alifoka.

"Apana," mama akajibu. "Hilo ni jina ya bibi yake. Kila fasi tunaenda, wanalikata. Na hapa tena?"

Hayat akafungua amri za programu alizoziandika. Alama ile ilikuwa ikiikata amri yake katikati. Amri ikishindwa, programu haikuliachia faili la hifadhidata, na kompyuta nyingine zikabaki zimefungiwa nje. Kosa lilikuwa lake mwenyewe, la mistari miwili aliyoiandika kwa haraka.

Aliirekebisha, uso ukimwaka kwa aibu. Léocadie akaandika jina zima, na safari hii likaingia.

"Unisamehe, dada," Hayat alisema.

Léocadie hakugeuka. "Mwenye kufuata!" aliita kuelekea benchi.