Sehemu ya Malaika

Kichwa cha mwalimu kilikuwa kimesukwa upande mmoja tu, upande wa pili nywele zimesimama kama zimeshtuka, simu ya msusi ilipoita. Hakuhitaji kutazama kujua ni mama yake. Ilikuwa saa tisa na nusu mchana, mkesha wa Krismasi.

Tangu utoto wake, saa kumi ya siku hiyo nyumba nzima iliketi sebuleni, kila mmoja akasoma kipande cha habari za kuzaliwa kwa Bwana. Sehemu ya malaika ilikuwa ya baba. Alipofariki, akairithi msusi. Mwaka jana wateja walimzidi, hakutokea. Mama hakumlaumu, alimsimulia tu kwamba walipofika sehemu ya malaika walingoja kidogo, kisha wakairuka.

Wakairuka. Neno hilo alitembea nalo mwaka mzima.

Sasa aliibana simu kwa bega, vidole vikiendelea, akaeleza kwamba bado wateja watatu wako kwenye benchi na kila mmoja alishaahidiwa. Mama akamsikiliza mpaka mwisho.

"Haya, mwanangu," alisema, akakata.

Mwalimu, aliyekuwa akimtazama kwenye kioo, akadadisi mpaka akaambiwa yote. Akajitolea kufunga kilemba na kurudi baadaye. Msusi akakataa katakata: mtu haendi mjini na nusu ya kichwa.

Saa kumi kasoro kidogo mlango ukafunguliwa. Aliingia mama na fimbo yake, nyuma yake mume wa msusi kakumbatia Biblia, kisha mabinti wao wawili ndani ya magauni ya sikukuu.

"Nyumbani hakuna mtu," mama alisema. "Nimeona tuje waliko watu."

Kiti kilichobaki kilikuwa cha kukaushia nywele. Akaketi hapo, kofia kubwa ya mashine ikining'inia juu yake, akaonekana kama askofu.

Vipande vikagawanywa hadi kwa wateja. Mwalimu akadai sehemu ya amri ya Kaisari ya kuhesabiwa watu, maana hesabu ndiyo kazi yake, akaisoma kama anayesahihisha mtihani. Mmoja wa waliokuwa kwenye benchi, muuza mkaa mwenye sauti nzito, akapewa sehemu ya wachungaji. Mabinti wakagombea hori, wakaishia kulisoma pamoja.

Kisha mume akamshikia mkewe kitabu mbele ya macho. Msusi akafungua kinywa, sauti ikagoma. Mama, ambaye macho yake hayaoni tena maandishi, alikuwa ameinamisha kichwa, akingoja.

"Hatuna haraka," alisema.

Vidole vya msusi vikatulia ndani ya nywele za mwalimu. Akaanza taratibu, halafu kwa nguvu, mpaka mwalimu akafumba macho.

Mlangoni alikuwa amesimama mteja mwingine, kitambaa mkononi, hajui aingie au asubiri nje. Muuza mkaa akasogea kwenye benchi, na watu wote wakasogea, kimyakimya, mmoja baada ya mwingine.