Kichuguu cha Kavetsa

Ndege wa memsahibu wetu walikula nyama kila siku, na wala sikuwaonea wivu, maana walikuwa wamefungwa. Sisi wa laini, kwenye vibanda vya wafanyakazi wa shamba, tulikuwa huru kabisa. Tulikula ugali na kunde kwa uhuru wetu, na Krismasi tuliongezewa kipande cha ng'ombe aliyekufa mwenyewe.

Shamba lilikuwa upande wa Moiben. Memsahibu alikuwa amejengewa tundu la waya kubwa kuliko nyumba yetu, lenye paa la bati, beseni la kuogea na mlimau katikati, ndipo sisi tukamwita Mama Tundu. Mume wangu, Wanyonyi, ndiye aliyewalisha hao ndege. Miaka michache nyuma nzige walikuwa wamekula nchi hii mpaka magome ya miti, tukatolewa wote mashambani kuwafukuza kwa kupiga madebe. Sasa mwanamume mzima alikuwa anapewa mshahara wa kutafuta panzi. Wazungu wana mipango.

Mwaka ule ndege walitotoa, na makinda ya ndege wale hayataki mbegu. Yanataka mdudu aliye hai. Mwaka uliotangulia yalikuwa yamelishwa unga na yakafa yote, Mama Tundu akalia siku nzima. Basi nyapara wetu, Kipkemboi, akaja mlangoni na ujumbe.

"Bwana amesema, makinda wakifa tena, tundu linakuwa la kuku. Na kuku mpishi atawaangalia. Wewe utafungasha."

"Na mahindi yangu?" Wanyonyi akauliza. Mahindi yetu yalikuwa ndiyo kwanza yametoa majani mawili, na mimi nilikuwa na mimba ya kwanza.

"Mahindi hayana miguu. Yatabaki."

Wanyonyi hakulala kwenye kazi. Alishona chandarua kilichochakaa kwenye duara la waya akafagilia nyasi kutafuta panzi, lakini nyasi zilikuwa zimechomwa kabla ya kulima, akarudi na masizi. Aliweka ndizi zilizooza kwenye debe ili zivute inzi wadogo. Zilivuta nyani. Jioni alitundika taa mbele ya shuka jeupe apate nondo, upepo wa baridi wa huku ukazima taa. Mtego uliofaulu ulikuwa kichwa cha kondoo alichokitundika mtini juu ya karai la pumba. Inzi walitaga, funza wakanona, wakadondoka wenyewe kwenye pumba kama mvua. Lakini mti ulikuwa karibu na veranda, na Bwana alikuwa na wageni wa chai. Kichwa kikazikwa. Kizima, na ubongo wake.

"Mvua imekolea," nikamwambia Wanyonyi. "Piga kumbikumbi."

"Kichuguu kile ni cha Kavetsa."

"Si umwombe?"

"Nimwombe Kavetsa? Shamba hili si la Bwana?"

Hapo ndipo aliponishangaza. Kwetu, mtoto wa miaka mitano anajua kwamba kichuguu kina mwenyewe. Aliyekifyeka majani, akakichimbia mashimo na kukilinda, ndiye anayekipiga. Wengine wanangoja kuitwa. Shamba linaweza kuwa la mtu mmoja na kichuguu cha mwingine, na hakuna aliyewahi kugombana. Kavetsa, mama mmoja Mmaragoli, mke wa dereva wa ng'ombe wa kulimia, alikifyeka kile nyuma ya laini kabla sisi hatujafika, na kila mvua alitugawia sote.

Wanyonyi akachukua vijiti viwili na ubao akaenda. Kumbikumbi hutoka wakidhani mvua inanyesha, kwa hiyo unapiga ubao kwa upole, haraka haraka, kama matone. Mume wangu alipiga kama mtu anayepigilia jeneza. Kavetsa alileta kigoda akakaa kando.

"Endelea, mwanangu," akamwambia. "Wanasikia. Wanaogopa tu kwamba polisi wamekuja."

Kipkemboi alikuwa anapita na ng'ombe wa maziwa. "Nyinyi watu wa kutoka nchi ya chini mnapigania dudu," akasema. "Hamna aibu."

"Wewe kunywa damu yako ya ng'ombe uende," Kavetsa akamjibu.

Hakutoka hata kumbikumbi mmoja. Jioni ile kinda mmoja akafa. Wanyonyi alikaa karibu na moto akakunja blanketi, akalikunjua, akalikunja tena. Nikaenda kwa Kavetsa mwenyewe.

"Mama, tusaidie. Tutafukuzwa."

"Sijakataa, mke wa Wanyonyi. Hao ndege ni wa nani?"

"Wa memsahibu."

"Basi mwenye ndege aje aombe. Mimi nikitaka maziwa yake, si ninakwenda mlango wa nyuma nasimama? Kichuguu changu kina mlango pia."

Asubuhi nikaenda jikoni, nikasimama mlango wa nyuma. Nilimwambia Mama Tundu ukweli mtupu: kwamba wadudu wapo, lakini wana mwenyewe, na mwenyewe haombwi kwa mikono mitupu. Nilidhani atanifukuza. Akafurahi ajabu. Akasema aah, hiyo ni desturi, akaingia ndani akatoka na sukari kwenye karatasi ya bluu, akavaa na kofia.

Laini nzima ilitoka kuona. Mama Tundu akasimama mbele ya kigoda cha Kavetsa, mwenye kofia mbele ya mwenye leso, akasema kwa Kiswahili chake:

"Mimi naleta sukari. Mimi naomba dudu. Dudu mzima, hapana kufa."

Kavetsa aliipima sukari kwa mkono. "Memsahibu amekaribia kujua adabu," akasema. "Angekuja mapema tusingepoteza yule kinda mmoja."

Kisha akainuka, akafunika kichuguu kwa majani ya migomba na blanketi, akaacha upenyo mmoja wa kuwaangusha kwenye shimo, akaanza kupiga. Alipiga kwa vidole vilivyolegea, huku anazungumza na dada yake habari za mtu mwingine kabisa. Baada ya muda wakatoka, mmoja, kisha wengi, mabawa yanang'aa, wakitumbukia shimoni. Debe la kwanza Wanyonyi alilikimbiza tundu la ndege wakiwa wanatambaa bado. La pili lilikuwa letu. Mama Tundu alimwona Kavetsa akitia wanne mdomoni hai hai, akageuka akatazama mawingu.

Jumapili aliwasimulia wageni wake kwenye veranda jinsi watu wetu wanavyoamini uchawi, hata mchwa lazima wahongwe sukari. Walicheka sana, mpishi alituletea habari. Upande wetu Kavetsa alisimulia mpaka stesheni ya Plateau jinsi memsahibu mwenye shamba lote lile alivyokuja kumwomba ruhusa ya kichuguu, tena kwa adabu. Kila upande ulikuwa umeshinda, na chai ya Kavetsa ilikuwa tamu.

Makinda waliobaki wakaota manyoya, wakaruka kutoka mlimau mpaka kwenye waya na kurudi, maana hapakuwa na pengine pa kwenda. Bwana hakuleta kuku. Kipkemboi naye aliacha kupita mlangoni kwetu akiangalia paa kama mtu anayetafuta nyumba.

Mahindi tuliyavuna sisi wenyewe.