Wiki Moja Karibu na Achieng

"Hulali hapo!"

"Nitalala."

"Filister, nimesema hulali—"

"Nitalala, na mto nitabeba wangu kutoka hapa Migori, sitaki hata—"

"Kwa mkwe? Chini ya paa moja na mkwe? Yawa, huyu mwanamke—"

"Mkwe gani? Nionyeshe ng'ombe aliyeleta. Nionyeshe hata kwato."

Hapo Waya Phelesia akaangalia dari. Ni kama alikuwa anatafuta hiyo kwato kichwani mwake na haioni.

Waya ni dada ya marehemu baba. Alikuwa ametoka Homa Bay asubuhi hiyo na debe la dagaa wa omena na maoni mengi, na omena hata haikuwa imeshuka kichwani kabla ya maoni kuanza. Mama, huyo Filister, alikuwa upande wa pili wa meza. Katikati yao kulikuwa na ramani ya Ireland, kubwa, ya rangi, imekunjuliwa mpaka ikafunika meza yote. Chai ilibidi ishikwe kwa mkono.

Mimi ndiye nilikuwa nawasomea ramani na barua iliyokuja nayo, kwa sababu msomi wa nyumba ni mimi. Chuo kikuu, miaka miwili na nusu. Kulikuwa na mgomo, chuo kikafungwa, kikafunguliwa, mimi nikachelewa kidogo kurudi. Mpaka leo nimechelewa.

Ramani ilitumwa na Dermot. Dermot alikuwa mume wa dada yangu Achieng. Ama hakuwa mume. Hiyo ndiyo ilikuwa vita yenyewe.

Achieng alienda Ireland mwaka wa tisini na moja kusomea unesi. Masista wa Homa Bay ndio walimtafutia nafasi. Akapata kazi huko, akapata na Dermot, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, wakafunga harusi kwa kanisa la kijijini kwao. Tuliletewa picha. Januari ya tisini na sita gari lake liliteleza kwa barafu akitoka kazini. Akazikwa palepale kijijini. Sisi huku tulilia na picha imewekwa juu ya kiti, kwa sababu tungelia na nini kingine?

Sasa ni Aprili ya tisini na nane, na Dermot ametuma tiketi mbili, ya mama na yangu. Tukae wiki moja, mwezi wa tano. Kwa barua alisema tuchague wenyewe mahali pa kukaa, ili kila asubuhi atupeleke kuona mashamba, bahari, milima, na jioni turudi mahali pamoja, mama asihangaike kufunga mizigo kila siku. Alikuwa amechora duara tatu kwa kalamu nyekundu.

Duara ya kwanza ilikuwa Ennis, mji mdogo, kwa mama mmoja mjane anayekodisha vyumba na kupikia wageni mayai asubuhi. Ya pili Lahinch, kando ya bahari, upepo mwingi. Ya tatu ilikuwa nyumbani kwake Dermot. Aliandika hivi: "Kutoka dirisha la jikoni unaona ukuta wa kanisa. Kwenda kwa Achieng ni dakika kumi kwa miguu. Kutoka Ennis ni karibu saa nzima kwa gari."

Nilipofika hapo mama hakutaka kusikia kingine.

"Siku saba," alisema. "Naamka, naenda kwake kabla ya chai. Narudi. Naenda tena. Hizo bahari nitaona za nini? Kwani hapa hatuna maji?"

"Kwa mkwe hakulalwi," Waya akasema.

Na ni kweli. Kwetu mama halali kwa nyumba ya mume wa binti yake. Anaweza kuja, atapewa kiti, atapewa soda, lakini jua likienda na yeye aende. Ukivunja hiyo inaitwa chira, laana ya kuvunja mila, na chira haikujii wewe mwenyewe. Inaenda kwa watoto. Mama alikuwa amebaki na mtoto mmoja. Waya akanigeukia akaniangalia kama mtu ambaye tayari ameanza kukohoa.

"Mimi niko sawa, Waya," nikamwambia.

"Leo."

"Mnaongea mambo ya mkwe," mama akasema. "Huyo hakuleta kitu hapa. Hata kuku. Mtu ambaye hajaleta kitu si mkwe, ni mtu tu. Kwa mtu tu naweza kulala."

Waya aliweka kikombe chini, juu ya Dublin. Alishusha sauti, na Waya akishusha sauti ujue mambo yameharibika.

"Sawa, mama Achieng. Si mkwe. Ni mtu tu. Sasa niambie, mtoto wetu amelala kwa udongo wa nani?"

Mama alianza kunyoosha mkunjo wa ramani.

"Niambie. Kama hakuolewa, anafanya nini huko? Mtoto wa kaka yangu ametupwa kando ya barabara ya watu kama kiatu? Chagua. Ama ana kwake, na wewe unalala huko kwa mjane wa mayai. Ama unalala karibu na yeye, na yeye hana kwake."

Nilijaribu kuokoa mambo kwa njia ninayojua. Nikasema mama alale kwa zizi, ng'ombe wa Ireland ni wapole, na wanakula vizuri kuliko mwalimu wa Migori. Hakuna aliyecheka. Mama alikuwa ameshainuka. Alienda kwa lile furushi la mitumba anayouza sokoni, akaanza kukunja nguo za watoto, kofia ndogondogo za sufu ambazo huku hakuna mtu hununua.

"Si mali ninataka," alisema, mgongo umetugeukia. "Phelesia, unanijua. Angeuliza tu. Mtu akitaka binti ya watu anauliza, hata kama mfuko hauna kitu. Anasema, nyinyi watu, kwenu inafanywa namna gani? Huyu alichukua tu. Hata kuuliza hakuuliza."

Kuna maneno yalikuwa yamenikaa kooni miaka mitatu. Kila nikitaka kuyatoa, natoa mzaha badala yake.

"Aliuliza," nikasema.

Mikono ya mama ikasimama.

"Alituma barua. Tisini na tano, mwezi wa sita. Ilikuja kwa jina lako, nikaifungua mimi, si mimi ndiye husoma?"

"Ikasema?"

"Alikuwa anauliza mahari."

"Na ukamjibu?" Waya akauliza.

Nilimjibu, ndiyo. Nilikaa chini nikaandika barua ya kurasa mbili, nikaweka sahihi "Baraza la Wazee wa Ukoo, Idara ya Mifugo". Nikasema ni ng'ombe mia moja, weusi wote, waje kwa ndege, kila mmoja na pasipoti yake na cheti cha ubatizo. Nikasema shemeji mdogo apewe pikipiki ya kuwachungia. Nilicheka peke yangu mpaka nikalala juu ya meza. Nilijua Achieng ataona mwandiko, atajua ni mimi, na tutaendelea kutoka hapo. Tangu tukiwa watoto tulikuwa hivyo. Yeye ndiye alinifundisha kumtilia Waya chumvi kwa chai.

Halafu sikuandika ile ya ukweli. Nilisema kesho. Ikafika Januari.

Nilipomaliza kusimulia, Waya alinishika sikio. Nina miaka ishirini na saba, na alinishika sikio akalipinda mpaka nikaona Ireland yote. Mama hakunigusa.

"Barua yake iko?"

Ilikuwa kwa bahasha moja na vyeti vyangu vya shule. Nikaileta, nikamsomea. Dermot alikuwa ameandika pole pole, kama mtu anayepiga hodi. "Mama mpendwa, naomba kujua kwenu ni ng'ombe wangapi, na nije mwezi gani. Na nikifika naomba kujua niingilie mlango gani na niketi wapi, ili nisiwakosee heshima."

"Rudia hapo kwa mlango."

Nikarudia.

"Tena."

Nikarudia mara ya tatu. Mama alichukua hiyo karatasi, ingawa Kiingereza hasomi, akaiangalia hadi chini.

"Aliuliza mpaka mlango," alisema.

Akaketi juu ya furushi la mitumba na kulia. Wakati wa kilio cha Achieng mama hakulia hivyo. Siku ile kulikuwa na watu, kuna nyimbo, kuna wageni wanataka chakula. Sasa tulikuwa watatu tu, na kofia za sufu. Waya alienda kuketi karibu naye, akamshika goti.

Baadaye mama alijipangusa uso kwa kofia moja ya mtoto.

"Ennis," alisema.

"Filister," Waya akasema, na sauti yake ilikuwa imelainika kabisa. "Si lazima. Labda tuulize watu. Labda kwa sababu ni ng'ambo..."

"Ni mkwe wangu. Kwa mkwe hakulalwi, umesema mwenyewe. Achieng ana kwake. Nitalala Ennis kwa huyo mjane, na asubuhi mkwe wangu atakuja kunichukua, na nitaenda kumtembelea binti yangu kwake kama mama yeyote. Saa nzima kwa gari ni nini? Mimi nimeenda kisiwani Remba kwa boti kuuza nguo, na mawimbi haya."

Akaniangalia sasa, mara ya kwanza tangu nianze kusimulia.

"Na wewe utamwambia shemeji yako kwa kinywa chako kwamba ile barua ni ya mjinga."

Dermot alikuwa ameahidi kupiga simu Jumamosi, saa tisa alasiri, kwa ofisi ya masista huko Homa Bay. Mvua ya El Niño ilikuwa imekata barabara mahali pawili, kwa hivyo tulitoka Migori alfajiri, tukashuka, tukatembea kwa matope, tukapanda tena. Mama alibeba viatu vyake vya kanisa mkononi njia nzima, akavivalia kwa bomba la maji nje ya ofisi. Waya alikuwa ametutangulia, amekaa kwa benchi kama mtu aliyeitwa na chifu. Sista Valentine alituwekea viti karibu na simu, akafunga dirisha, kwa sababu gugu-maji lilikuwa limejaa ziwani na likioza linanuka mpaka kwa altari.

Simu ililia saa tisa na dakika mbili. Nikashika.

Laini ilikuwa na mwangwi, kila neno langu likinirudia mara ya pili, kwa hivyo ujinga wangu niliusikia mara mbili. Niliongea haraka kabla niogope. Nikamwambia barua ya ng'ombe mia ilikuwa yangu, hakukuwa na wazee, mama hakujua kitu.

Upande wake nilisikia kiti kikivutwa. 

"Najua," akasema. "Achieng alijua mwandiko wako kabla hajafungua. Alicheka mpaka akaketi chini jikoni. Nikamuuliza, basi ukweli ni wangapi? Akasema tungoje, ndugu yangu ataandika ya pili, ya kweli, huwa anaandika." Akavuta pumzi. "Tukangoja."

Nikahamishia simu kwa sikio la pili. 

Mama alinivuta shati. "Mwambie Ennis. Mwambie ni kwa heshima."

Nikamwambia. Nikaeleza yote: kwamba mama hawezi kulala kwake kwa sababu yeye ni mkwe, mkwe wa kweli, mama amesema hivyo mwenyewe. Kwamba Achieng ana kwake na kwake ni huko, na mama ameridhika. Nikasema aje atuchukue asubuhi, na tutakuwa tumeshakula hayo mayai.

Nilifikiri atafurahi. Badala yake akauliza polepole.

"Amesema hivyo? Kwamba kwake ni hapa?"

"Ndiyo."

"Cephas, usimwambie bado. Ngoja." Mlango ulifungwa upande wake. "Shamba nimeuza. Sikuweza tena. Mwezi wa tisa naenda kwa kaka yangu, Boston, na sidhani nitarudi. Mama yangu alishakufa. Hapa hakuna mtu mwingine aliyemjua Achieng vizuri, wanamkumbuka tu kama yule nesi Mwafrika. Nani atakuwa anaenda kaburini kwake?"

"Anasema nini?" mama akauliza. Alikuwa ananitazama usoni, anatabasamu kidogo, kama mtu aliyetoa jibu zuri shuleni. "Chumba kipo?"

Waya alikuwa amesogea mpaka ukingo wa benchi. Sista Valentine aliacha kuandika.

"Ndiyo sababu niliwatumia tiketi," Dermot akasema. "Nilitaka kuwaambia mkifika, macho kwa macho, lakini sasa siwezi kumwacha aje na wazo hilo. Tafadhali, muulize mama. Hiyo wiki ikiisha, mkirudi nyumbani, mnaweza kurudi na Achieng?"