Kompyuta Haiji Siakago Kutudanganya

Watu wa Siakago hawapendi kuhadaiwa, na wakulima wa maembe ndio usiseme. Kikundi chao kilikuwa na tovuti, Kikapu, ambako mkulima alitangaza maembe yake na wanunuzi wa Embu na Meru wakayaagiza kabla hayajaoza. Kirimi, kijana aliyeitengeneza, alipata kazi nyingine Meru mjini akaenda zake. Tangu hapo tovuti ilibaki yatima. Mtu akitaka ibadilishwe hata neno moja, hakuwa na wa kumwambia.

Ndipo Wawira akajitokeza. Alikuwa amerudi nyumbani na cheti chake cha chuo, na hadi siku hiyo hakuwa amepata chochote ila ushauri wa majirani, ambao wenyewe hawana kazi.

"Msichana wangu," Mama Lorna, mwenyekiti, alimwambia bila kuzunguka, "leo tuko na kikao. Fungua hiyo kazi ya Kirimi kwa kompyuta ya kikundi, tuone ikitembea mikononi mwako. Ukiweza kabla hatujafunga na maombi, kazi ni yako."

"Na akishindwa," Mutugi, katibu, akadakia, "niko na mtu wangu Nairobi. Huyo ni fundi wa ukweli."

Wawira akaisogelea kompyuta. Aliitaka kazi ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na aliitaka hapo hapo nyumbani, kati ya kinu cha posho na kanisa alikobatizwa.

Akaketi pembeni mwa ofisi, wanakikundi wakiendelea na kikao chao. Fundi mwenye akili hachokori tovuti ambayo watu wanaitumia. Anachukua nakala yake, anaifungua kwenye kihariri, yaani ile programu ya kuandikia kazi, halafu anaiwasha kwenye kompyuta iliyo mbele yake. Akiharibu, ameharibu ya kwake tu. Basi Wawira akawasha intaneti ya simu, akaivuta nakala, akafungua folda nzima kwenye kihariri. Mafaili yakajipanga upande wa kushoto, mengi ajabu, na mengine Kirimi alikuwa ameyapa majina ya ng'ombe wa kwao. Akaagiza vipande vyote ambavyo programu inavitegemea. Vikashuka polepole, bando likiliwa, yeye akisali kimoyomoyo.

Faili moja halikuwepo, lile la paswadi na siri. Hilo haliachwi hovyo. Akampigia Kirimi simu, naye akamtumia papo hapo.

"Na ikikataa?" Wawira akauliza.

"Haiwezi. Kwangu ilikuwa inafanya kazi."

Hiyo ndiyo sentensi ya kila fundi aliyekwisha kuhama. Wawira akaiwasha programu, na lo, ukurasa wa Kikapu ukatokea na embe lake jekundu! Akaandika jina, akaandika paswadi, akabonyeza. Ukurasa ukamrudisha mlangoni. Akajaribu tena, ukamrudisha tena. Chini ya kihariri mistari myekundu ilisema kibali chake cha kuingia kimetumika kabla ya wakati wake.

Kabla ya wakati wake vipi? Akapekua faili la kuingilia mstari kwa mstari. Akazima, akawasha. Akafuta vipande vyote akavivuta upya. Wapi! Jasho likamtoka, na si kwa sababu ya mabati.

Mutugi akaja akachungulia begani kwake. "Naona bado tuko mlangoni," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Kutangulia si kufika, dada."

Wawira akabonyeza tena. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na woga mtupu. Akajiona tayari anarudi nyumbani kueleza.

"Haya, saa tano hiyo," Mama Lorna akatangaza. "Watu wapewe chai, tumalize."

Wawira akatazama pembe ya kioo. Kweli, saa ya kompyuta ilisema tano na dakika mbili. Akachukua simu yake. Simu ilisema kumi na moja na dakika mbili, kama simu zote za dunia hii saa tano asubuhi. Alikuwa ameitazama saa ile tangu asubuhi bila kuona kosa, kwa kuwa ilisema kile kile ambacho kila mtu mle ndani alikuwa akisema.

"Jameni, nani alishika saa ya hii kompyuta?"

Mzee Gachoki, mweka hazina, akainua mkono kwa fahari. "Ni mimi. Ilikuwa inasema kumi na moja na jua liko tu hapo, saa tano. Nikairudisha. Kompyuta haiji Siakago kutudanganya."

Wawira akacheka mpaka machozi. Kibali kilitolewa na mtambo wa mbali wenye saa ya kimataifa, kikafika kwenye kompyuta iliyo nyuma kwa saa sita. Ikakiona kimetoka saa ambayo bado haijafika, ikakikataa! Akarekebisha saa, akaandika paswadi, akabonyeza. Kikapu kikafunguka. Maembe ya Karurumo, maembe ya Siakago, wanunuzi wote, hao!

Ofisi nzima ikapiga makofi. Mutugi peke yake hakupiga.

"Kuwasha ni kuwasha," akasema. "Mtu wangu angebadilisha kitu."

"Ngoja basi," Wawira akasema.

Akarudi kwenye kihariri, akatafuta faili la ukurasa wa kwanza, vidole vikiruka bila woga sasa. Mistari michache tu. Akahifadhi, akaigeuza kompyuta iwatazame. Juu ya ukurasa, kwa herufi kubwa, palikuwa pameandikwa: Saa tano na robo asubuhi.

Mzee Gachoki akavaa miwani, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Akatazama jua dirishani, akatazama tena maandishi.

"Sasa imeacha uongo," akasema. "Mama Lorna, huyu msichana asiende popote."

"Aende wapi, na kazi ni yake?" Mama Lorna akajibu. "Mutugi, toka nje umpigie mtu wako wa Nairobi. Mwambie saa zimepita."