Giaboksi ya Toleo la Pili

Machimboni palikuwa na mitambo mitatu ya kupakia mawe, yote ya aina moja, iliyotoka kiwandani kwa kupishana miaka. Kwa nje ilifanana kama watoto wa tumbo moja. Tofauti ilikuwa ndani ya giaboksi. Ya toleo la kwanza ilikuwa ya meno matupu: ukizima injini ukiwa kwenye gia, meno yanang'ata na mtambo hausogei. Ya pili ilibanwa kwa mafuta. Ilikuwa laini kuendesha, lakini injini ikifa, mafuta hulegea na mtambo hubaki huru, mpaka dereva avute breki ya mkono. Kwenye ya tatu watengenezaji wakaiondoa breki ya mkono, wakaweka springi inayofunga yenyewe mafuta yakilegea.

Sindano, walivyomwita kwa wembamba wake, aliendesha mtambo wa toleo la tatu. Fundi wa pale alikuwa mjomba wake, kaka wa mama yake, mtu wa utani hata msibani.

Giaboksi ya Sindano ilipovunjika, msimamizi hakutaka kusubiri mpya. Mtambo wa toleo la pili ulikuwa umelala uani, injini imekufa, lakini giaboksi yake ni nzima.

"Matundu ya bolti yanalingana," alisema. "Funga hiyo."

Mjomba akaifunga.

Siku ya kwanza Sindano alizima mtambo mbele ya karakana, akashuka. Hajafika mbali akasikia kokoto zikilia chini ya matairi. Mtambo ulikuwa unamfuata taratibu, kama mtu anayenyata. Ulisimamishwa na lundo la mchanga.

"Mjomba, umeona?"

"Nimeona." Safari hii hakutania. "Springi imeondoka na giaboksi yako. Hii inataka breki ya mkono, na kibini chako cha dereva hakina hata pa kuifunga. Nimeagiza vifaa."

"Na mpaka vije?"

"Weka jiwe nyuma ya tairi kila ukishuka. Na injini isikuzimikie mlimani."

"Kwani injini huomba ruhusa?"

Mjomba akaweka spana chini. Alikwenda kwa msimamizi, akarudi amekunja uso. Aliambiwa malori yanasubiri, kazi haisimami.

Sindano akawa anafanya kazi roho mkononi.

Asubuhi moja ya jua kali lori lilivunjika chini kabisa ya mteremko, na mjomba akaingia uvunguni kuchomelea. Sindano alikuwa katikati ya mlima, ndoo imejaa mawe, injini ilipokohoa mara moja na kunyamaza.

Mtambo ukaanza kurudi nyuma. Akakanyaga breki ya mguu, ukasimama. Lakini breki ile ilikula upepo wa kwenye tangi, na bila injini hakuna wa kuujaza. Tangi lenyewe lilikuwa linavuja. Akajaribu kuwasha, injini ikazunguka, ikagoma. Akaishusha ndoo, ikagonga mwamba mtupu, haikupata pa kung'ata. Mkono ukaenda kwenye honi, ukasita. Honi nayo ilikuwa ya upepo.

Kwenye kioo aliona miguu ya mjomba imetokeza chini ya lori, na cheche zikiruka.

"Mjomba!"

Sauti yake ilimezwa na mashine ya kusaga kokoto. Mshale wa kipimo cha upepo ukaingia kwenye nyekundu. Kanyagio likalegea chini ya mguu wake.

Mtambo ukaanza kushuka, ndoo ikikwaruza mwamba kwa mlio wa kutia meno ganzi. Sasa akaibonyeza honi. Ikakoroma, ikafa. Miguu ile haikusogea.

Akaukamata usukani. Bila injini ulikuwa mzito kana kwamba umeota mizizi. Akasimama, akaulalia kwa kifua, akasukuma. Ukakubali kidogo. Akasukuma tena huku analia, na tako la mtambo likageukia ukuta wa mwamba.

Mtambo uliugonga, ukalala ubavu, karibu sana na lori. Sindano alivunjika bega na mbavu. Aliyemtoa kibini alikuwa mjomba.

Juma lililofuata, alasiri, mjomba alikuja kumwona nyumbani. Hakukaa.

"Wameuinua mtambo. Wanasema ulisinzia. Wamempata dereva mwingine."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Akasema ana watoto wanne, atakuwa mwangalifu."

Sindano akafumba macho.

"Basi leo, walipokwenda kula, nikachukua gesi nikaikata ile giaboksi. Vipande viwili. Hakuna fundi wa kuiunga."

"Mjomba! Watakufunga."

"Nami ndiye niliyeifunga," alisema. Alijaribu kucheka, midomo ikakataa.

Gari likasimama nje. Milango yake ikabamizwa, mmoja, kisha wa pili. Mjomba akamnyooshea mpwa wake shuka mpaka begani, akaenda kufungua kabla hawajabisha.