Robo Kidonge

Fundi saa alikuwa mtu wa kushuku tangu zamani. Wateja walimletea saa zilizokwisha kunyofolewa vipuri na mafundi wengine, naye akajifunza kutomwamini yeyote anayefanya kazi nyuma ya dirisha dogo.

Ndiyo maana mfamasia alipompitishia dawa za bintiye Kidoti, alivimwaga vidonge kiganjani hapohapo. Vilikuwa robo robo. Mvulana aliyekaa nao kwenye benchi, mwenye saratani ya damu ileile na uzito uleule, alikuwa anameza kimoja na nusu kila siku. Fundi alishamdodosa baba wa mvulana huyo.

"Mwezi wa kwanza wa matibabu Kidoti alipewa kizima," alimwambia mkewe nyumbani. "Hizo robo nyingine tatu zinakwenda wapi?"

"Daktari alisema mwili wake hauwezi dozi kubwa. Walimpima."

"Alisema. Karatasi ya kipimo uliiona?"

Mkewe hakuiona. Tangu siku hiyo fundi alibana lenzi jichoni na kukagua vipande kimoja kimoja, na kila mlo aliurudia wimbo uleule: tunapunjwa. Mkewe alikula akisikiliza.

Wiki ya tatu Kidoti akaungua homa. Mdomo ulijaa vidonda, hata uji ukamshinda. Hospitalini, chembe nyeupe za damu zilikutwa zimebaki chache mno. Fundi akamvaa daktari.

"Mmempa nini mwanangu?"

Daktari, mama wa makamo asiyepandisha sauti, alimsogezea karatasi. "Dawa hii mwili huivunja taratibu na kuitoa. Mwili wa Kidoti hauwezi kuivunja vizuri. Amezaliwa hivyo, amerithi kwako na kwa mama yake, wote wawili. Dawa inajikusanya ndani. Robo kwake inafanya kazi ya kimoja na nusu kwa mwenzake, na wiki mbili zilizopita damu yake ilikuwa nzuri. Sasa nami niulize. Nyumbani kuna vidonge vingine?"

Vilikuwepo chupani, masalia ya mwezi wa kwanza. Fundi akamgeukia mkewe. Alikuwa ameinamia sakafu.

"Nilimwongezea nusu kila jioni," alisema. "Siku kumi sasa. Ulisema wanampunja, baba Kidoti. Niliogopa ugonjwa utarudi."

 Fundi alikuwa amemshuku mfamasia, maabara, hata baba wa yule mvulana. Mdomo wake mwenyewe hakuwahi kuushuku.

Dawa ilisimamishwa. Kidoti alilala wodini siku kumi na tisa, sita za mwanzo bila kuwatambua vizuri. Kisha homa ikashuka, damu ikapanda kidogo kidogo, na asubuhi moja akalalamika kwamba uji hauna sukari. Mama yake akatoka nje kulia.

Siku ya kuruhusiwa, fundi aliomba nakala ya kipimo. Aliisoma mstari kwa mstari, akimuuliza daktari kila neno asilolijua, mkewe akisikiliza pembeni. Ile chupa ya masalia waliirudisha famasia wenyewe, wote wawili.