Gobore Lenye Njaa

Jumamosi ya kwanza wezi walipokuja, ndugu yangu Ondieki alimpiga mmoja wao kwa mdeki. Simaanishi alimchapa nao. Alimimina baruti kwenye mtutu wa gobore, akashindilia, akatupia vipande vya misumari, akashindilia tena, kisha kwa haraka na woga akasahau kuuchomoa mdeki. Akafyatua. Ule ufito wa kushindilia ukaruka na kupenya paja la mwizi ukatokea upande wa pili, na yule bwana akakimbia kuteremka mtoni huku ufito ukimning'inia, akipiga mayowe. Wenzake wawili wakamfuata. Ng'ombe wote sita walibaki zizini.

Watu wa kwetu Keumbu walicheka wiki nzima. Mimi sikucheka, maana mdeki ule baba yetu alikuwa ameuchonga alama. Gobore likiwa tupu, mdeki ulizama hadi kwenye alama. Likiwa na kitu ndani, alama ilibaki nje, upana wa vidole vinne. Bila alama ile ulikuwa unatia mkono kwenye shimo usilolijua.

Niwaeleze tulivyokuwa. Mimi Eliakim ndimi mkubwa, nilisoma kwa Wasabato. Ondieki alisomeshwa na mapadri, akawa Mkatoliki. Baba alipofariki, mwaka elfu moja mia tisa sitini na nne, alituachia gobore moja alilolibeba kutoka Tanganyika enzi za Kariakoo, alipokuwa mpagazi wa jeshi la Waingereza, na zizi moja. Wezi wa mifugo nao si wajinga. Walijua Jumamosi Wasabato wote wako kanisani, na Jumapili Wakatoliki wako misa. Basi Ondieki alilinda Jumamosi, mimi nikalinda Jumapili, na gobore likawa linavuka ua kila wiki. Mama yetu Drusilla alikuwa akisema Mungu alitupa dini mbili kwa sababu alijua tuna bunduki moja.

Baba alituachia na sheria. Anayetoa gobore hulitoa safi na tupu, na akilitoa hutamka: "Lina njaa." Siku ikitokea amelitoa na kitu ndani, lazima aseme: "Limeshiba." Huliweki mkononi mwa mtu bila mojawapo ya maneno hayo mawili. Miaka miwili tulikuwa tumesema "lina njaa" tu.

Jioni ya Jumamosi ile, jua lilipotua na Sabato kuisha, nilikwenda kuchukua gobore. Nikalikuta limeegemezwa ukutani, masizi yameganda mdomoni. Baruti ikilala ndani ya chuma usiku mmoja, asubuhi unakuta kutu. Ondieki hakuwa amelimwagia hata kikombe cha maji ya moto. Alikuwa ameketi na kaka zake Nyamoita, msichana aliyemchumbia, waliokuja kuwatazama wale ng'ombe sita wa mahari, na alikuwa akiwasimulia habari ya paja la mwizi huku akionyesha kwa mikono.

Nilimzaba kofi. Mbele ya shemeji zake. Kofi la mkono wazi, likamtoa damu puani.

Hasira hasara, naijua methali hiyo, lakini nilikuwa mtu wa namna hiyo. Ondieki hakunirudishia. Alifuta damu kwa shati, akasema polepole, "Leo umenifanya mtoto mbele ya watu." Tangu hapo tukawa hatusemezani. Katikati ya wiki nikakuta mdeki mpya mlangoni kwangu, ameuchonga kwa mti wa kahawa, umenyooka vizuri sana. Haukuwa na alama. Ningeuchonga alama mwenyewe kwa kisu, kazi ya muda wa kupuliza uji ukapoa. Nikajiambia aliyepoteza ndiye atengeneze.

Ijumaa ni siku ya maandalio. Kwetu Wasabato kila kitu humalizwa kabla jua halijatua: kuni, maji, chakula cha kesho. Mchana huo moyo uliniuma. Niliwaza yule mwizi wa paja ana ndugu, na ndugu watarudi na mapanga, na Ondieki mikono yake hutetemeka akishindilia. Nikaona nimsaidie. Nilichemsha maji, nikayamimina mtutuni mara tatu mpaka yakatoka meupe, nikapitisha kitambaa, nikapaka mafuta ya ng'ombe. Mama alikuwa ameketi upande wa pili wa ua akimenya ndizi. Kisha nikapima baruti kwa kifuniko cha kopo lake, kifuniko kimoja na nusu, nikaimimina. Nikashindilia nyuzi kavu za mgomba, nikatia misumari iliyokatwa, nikafunga na nyuzi tena. Fataki ya kuwashia baruti sikuiweka, maana gobore lenye fataki halitembezwi uani. Kazi safi kabisa. Ilikuwa ndiyo njia yangu ya kumwomba msamaha, na nilitaka ajue.

Nilimkuta akikamua. Nikaliegemeza gobore kwenye nguzo ya zizi, pamoja na mdeki wake. Akainua macho akanitazama. Alikuwa akingoja neno, nami neno lilikuwa kinywani. Lakini nikaona uvimbe chini ya jicho lake, nikaona aibu, na aibu ikageuka kiburi. Nikasema moyoni, kwa nini nianze mimi? Jua lilikuwa linagusa kilima. Nikageuka nikaenda kuoga kwa ajili ya Sabato.

Kesho yake kanisani tulikuwa kwenye somo la asubuhi wakati mlio uliposikika kutoka ng'ambo ya bonde. Haukuwa mlio wa gobore letu. Ulikuwa mzito mara mbili, na madirisha yakatikisika. Watu walitazamana. Mimi nilikuwa nimeshaelewa kabla mwangwi haujaisha, nikaruka benchi nikakimbia.

Mtutu ulikuwa umechanika kama ganda la ndizi. Ondieki alikuwa amepiga magoti kwenye lango la zizi, mkono wake wa kushoto umeishia kwenye kifundo, na kipande cha chuma kimekaa shingoni. Mwizi mmoja alikuwa chini, kifua kimejaa misumari, hapumui. Mwingine alikuwa amesimama juu ya ndugu yangu akimkata begani kwa panga, mara ya pili, mara ya tatu, akihema kama mtu anayepasua kuni. Niliokota kitako cha gobore majanini. Pigo la kwanza lilimvunja taya. Alipoanguka niliendelea, katika suruali yangu ya kanisani, siku ya Sabato, mimi ambaye nisingekubali kuosha bunduki siku hiyo. Nilimpiga mpaka uso wake ukawa si wa mtu tena, na nilikuwa bado naendelea mama aliponishika kiuno kwa nyuma. "Tiga, Eliakim," alisema. "Acha. Amekwisha."

Tulimbeba Ondieki kwa ngazi kuelekea barabarani tutafute gari la kwenda hospitali. Damu ilidondoka njia nzima kati ya migomba. Karibu na barabara alifungua macho.

"Nilizidisha baruti, ndugu?"

Nilikuwa nimeshika mguu wa ngazi upande wa kichwa chake. Uso wangu ulikuwa juu ya uso wake.

"Usiongee," nikamwambia. "Tunza nguvu."

"Nilipima kimoja na nusu," alisema. "Nilidhani nilipima kimoja na nusu." Hakufika kwenye gari.

Kwenye mazishi wazee walitikisa vichwa. Kijana wa haraka, walisema, wiki moja anafyatua mdeki, wiki ya pili anajaza mtutu mpaka unapasuka. Niliwasikiliza, nami nikatikisa changu. Ng'ombe walikuwa sita vilevile, na kaka zake Nyamoita walipita kando yao bila kuwatazama.

Jumapili iliyofuata, siku yangu ya kulinda, nilichemsha maji nikaosha mabaki ya gobore. Sijui kwa nini. Mama alikuja akasimama mbele yangu, mikono ameifunga kifuani.

"Ijumaa ile nilikuona unashindilia," alisema. "Ulimwambia limeshiba?"

Nilipitisha kitambaa kwenye chuma kilichochanika. Kikanikata kidole.

"Nilimwambia, mama."

Akasema, "Basi hakusikia. Tangu utoto mtoto yule hakuwa na masikio." Akaenda jikoni, na nikamsikia akilia na kumgombeza marehemu kwa jina lake.

Mama aliishi miaka kumi zaidi. Mpaka siku ya mwisho, kila alipopita karibu na kaburi la Ondieki, alimgombeza kwa kutosikia. Nami nilikuwa nikitembea kando yake, nimemshika mkono asijikwae.